Niamey wakati wa kiangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya Mswahili anayekwenda Niamey, mji mkuu wa Niger, kati ya Oktoba na Mei. Huenda ni mfanyakazi wa shirika la misaada, mwanafunzi, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa kwenye kikao cha ACMAD (kituo cha Afrika cha hali ya hewa), au mtu wa kilimo anayekwenda kituo cha AGRHYMET (cha kikanda, cha hali ya hewa na maji kwa kilimo) au kile cha ICRISAT (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kavu) kule Sadoré. Mji uko kando ya mto Niger, ukingoni mwa Sahara, na katika miezi hiyo mambo mawili ndiyo yanayotawala maisha: joto na mto. Ukiyaelewa hayo mawili, mengine yatakuja yenyewe.

Kiangazi kinaanza lini na kwisha lini?

Mvua za Niamey hunyesha Juni hadi Septemba, milimita mia tano na ushei kwa mwaka mzima, na Agosti peke yake huchukua karibu theluthi. Miezi inayobaki ni mikavu. Lakini usiseme "kiangazi" ukadhani ni kitu kimoja, kwa maana kina sura mbili zilizo mbali kabisa.

Kuanzia Desemba hadi Februari huvuma Harmattan, upepo mkavu wa kutoka Sahara, kaskazini mashariki. Mchana wa Januari hufika nyuzi 32 hivi, na usiku hushuka hadi 16 au 17. Alfajiri utawaona madereva wa pikipiki wamevaa makoti mazito na vilemba hadi machoni. Machi joto linapanda, Aprili linafika kileleni: wastani wa mchana ni nyuzi 41, na usiku hauteremki sana chini ya 27. Jua mwishoni mwa Aprili hupita sawasawa juu ya utosi wa Niamey, hakuna wingu la kulikinga, na ardhi haina unyevu wa kuipoza hewa. Nafuu huja pale upepo wa kusi kutoka Ghuba ya Guinea unapoleta mawingu ya mvua.

Kama tarehe ya safari iko mikononi mwako, chagua Januari. Kama imepangwa na wengine na imeangukia Aprili, soma majibu yanayofuata polepole.

Nimekulia Dar es Salaam. Joto nalijua. Kuna lipi jipya?

Kuna jipya kubwa, na hili ndilo swali ninalotaka kila mgeni wa kutoka pwani alijibiwe kabla hajapanda ndege.

Joto la Dar, Mombasa au Zanzibar ni la unyevu. Unatoka jasho, shati linalowa, unajua kwamba unapoteza maji, na kiu inakuja na dalili zake. Niamey katika Machi na Aprili hewa ni kavu mno. Jasho hukauka likiwa bado ngozini, shati linabaki kavu, nawe unajiona mzima. Kumbe mwili umeshapoteza lita. Mtu hukaa mchana mzima bila kwenda haja ndogo na asitambue kwamba hiyo tayari ni hatari. Mtu wa Garissa au Lodwar anaelewa haraka zaidi kuliko mtu wa pwani.

Kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa kidogo kidogo tangu unapoamka, na siku ya kutembea usishangae ukimaliza lita nne au tano. Angalia rangi ya mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa kuwa chumvi nayo inatoka. Beba pakiti za ORS, na zikikosekana changanya lita moja ya maji safi na salama na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, uvisawazishe kwa mkono wa kijiko.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza na kichefuchefu ni onyo: ingia kivulini, lala, kunywa. Lakini mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akapepesuka, au akazimia huku mwili wake unachoma, hapo joto limeshaingia kwenye ubongo na kila dakika ina thamani. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma, mpeleke hospitali huku mkiendelea kumpoza. Usimnyweshe kitu kama hana fahamu.

Usiku je? Mtu analalaje?

Usiku ndio unaoumiza zaidi. Mwili unaoweza kupumzika usiku huvumilia mchana mkali, lakini nyumba za matofali ya saruji zenye paa la bati hunyonya joto mchana kutwa na kulitema hadi usiku wa manane. Ndiyo maana katika msimu huu familia nyingi hutoa vitanda uani au juu ya paa tambarare na kulala nje, chini ya chandarua. Nyumba za zamani za udongo, zenye kuta nene na madirisha madogo, ni tulivu zaidi.

Ukitafuta pa kulala, uliza mambo mawili: je, kuna jenereta, na je, chumba kiko ghorofa ya juu kabisa chini ya paa? Chumba cha chini chenye pangaboi kinaweza kukufaa kuliko cha juu chenye kiyoyozi kinachotegemea umeme unaokatika. Oga maji kabla ya kulala na usijifute yakakauka. Loanisha shuka nyembamba ujifunike. Katika hewa kavu mbinu hii inapoza kweli. Mwishoni mwa Mei, unyevu ukianza kurudi, haisaidii tena.

Umeme unakatika sana?

Aprili na Mei, ndiyo. Viyoyozi vyote huwashwa kwa pamoja, na sehemu kubwa ya umeme wa Niger kwa miaka mingi imetoka Nigeria. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023 Nigeria iliukata, na ukarudishwa mwanzoni mwa 2024. Tangu 2023 kuna pia mitambo ya nishati ya jua pale Gorou Banda, yenye megawati 30, lakini mahitaji ya msimu wa joto ni makubwa mno. Njoo na pawabenki, tochi, na feni ndogo ya kuchaji.

Jambo moja Wakenya, Waganda na Watanzania husahau: soketi za huko ni za Kifaransa, matundu mawili ya mviringo. Plagi yako ya pini tatu bapa haiingii. Nunua adapta nyumbani.

Siku ipangwe vipi?

Kazi za nje zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziishe kabla ya saa tano. Saa za Niamey ziko nyuma ya zetu kwa mbili, na jua la huko halifiki utosini saa sita kamili bali karibu na saa saba. Kwa hiyo joto la juu kabisa huangukia saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, wakati ambao mgeni hudhani makali yamekwisha. Hapo mji unatulia. Maduka mengi hufungwa baada ya adhuhuri, watu wanajinyoosha chini ya miarobaini. Ndiyo, ni mwarobaini uleule wetu. Umepandwa kila barabara, na ndio mwavuli wa mji. Baada ya magharibi maisha yanaanza upya na kuendelea hadi usiku mwingi.

Ukialikwa mkutano wa saa nane mchana mwezi Aprili, omba kwa adabu usogezwe. Hakuna atakayekushangaa.

Mbona mto umejaa Januari na hakuna tone la mvua?

Swali hili linanifurahisha kila linapoulizwa, kwa kuwa jibu lake linafungua ramani nzima ya Afrika Magharibi.

Mto Niger una urefu wa kilomita 4,180 hivi. Unazaliwa katika milima ya Guinea, si mbali na Atlantiki, lakini badala ya kuelekea baharini unapanda kaskazini mashariki hadi mlangoni mwa Sahara karibu na Timbuktu, ndipo unapinda kushuka kusini mashariki kupitia Niamey kwenda Nigeria. Mvua kubwa za Guinea hunyesha katikati ya mwaka. Maji yake yanafika Mali na kutawanyika katika delta ya ndani, uwanda mpana wa mabwawa na nyasi kati ya Djenné na Timbuktu, na humo yanasafiri taratibu kwa miezi. Mengi hupotea angani kwa mvuke. Yanayobaki hufika Niamey Desemba na kufikia kilele karibu na Januari, katikati ya ukame. Kwa kuwa udongo umeshatuama huko deltani, maji haya hayana wekundu wa udongo na huonekana meusi, ndiyo maana huitwa mafuriko meusi. Yale mafuriko mekundu ya Agosti na Septemba ni mengine: huletwa na vijito vya karibu, Gorouol, Dargol na Sirba, na hubeba udongo mwekundu wa Sahel.

Kwa hiyo ukifika Januari utaukuta mto umetanda, bustani za mboga zimestawi kingoni, mpunga uko mashambani, Wasorko, wavuvi wa jadi wa mto huu, wakitupa nyavu tangu alfajiri. Kisha joto linavyopanda, mto unashuka. Mei visiwa vya mchanga vimejitokeza na wafuaji nguo wamehamia katikati ya mkondo. Mwaka 1985, baada ya ukame mrefu, mto ulikaribia kukatika kabisa hapo Niamey. Mji unategemea mto huu kwa maji ya bomba, kwa hiyo wenyeji wanautazama Aprili na Mei kwa macho ya wasiwasi. Ukiwa mgeni kwao, usiache bomba wazi.

Naweza kuogelea?

Hapana. Kuna kichocho, na kuna viboko. Panda mtumbwi jioni na mvuvi mnayeelewana naye bei kabla ya kuondoka. Kutoka majini, mji ukiwa juu ya magenge yake na daraja la Kennedy la 1970 nyuma yako, utaelewa kwa nini watu waliamua kuishi hapa.

Usalama ukoje? Sema ukweli.

Ukweli ni kwamba hii si safari ya matembezi kwa sasa. Mkoa wa Tillabéri unaouzunguka mji umekuwa uwanja wa makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Wageni hawaruhusiwi kutoka Niamey bila msafara wa askari, na mwaka 2025 mgeni alitekwa ndani ya mji wenyewe. Nenda ikiwa una kazi, masomo au familia, na kuna mwenyeji anayewajibika kwako. Kabla ya kununua tiketi, uliza ubalozi wa nchi yako na taasisi inayokualika; ushauri hubadilika kwa wiki, na wao ndio wa kusikilizwa, si ukurasa huu. Ukiwa huko usitembee usiku peke yako, usipite njia moja kila siku, na usipige picha daraja, askari, uwanja wa ndege wala jengo la serikali.

Na twiga wa Kouré?

Wapo, kilomita sitini hivi kusini mashariki mwa Niamey, na ni hazina. Hao ndio twiga wa mwisho wa Afrika Magharibi, wenye madoa ya rangi hafifu kuliko wa kwetu. Mwaka 1996 walihesabiwa 49 tu. Kwa ulinzi wa serikali na subira ya wanavijiji wanaoishi nao bila uzio, sasa wamepita mia sita, na mwaka 2018 wanane walihamishiwa hifadhi ya Gadabedji kuanzisha kundi la pili. Lakini Agosti 2020 watu wanane waliuawa hapo Kouré: wageni sita Wafaransa, dereva wao na mwongozaji wao. Usiende bila idhini na ulinzi rasmi. Inauma kuandika hivyo, hasa ukiwafikiria waongozaji waliojenga maisha yao juu ya twiga hao na leo hawana kazi.

Basi nitazame nini ndani ya mji?

Makumbusho ya Taifa ya Boubou Hama, yaliyofunguliwa 1959. Fika mapema asubuhi. Ndani ya uwanja mmoja utakuta mabanda yaliyojengwa kwa mtindo wa Kihausa, mifupa ya dinosaria kutoka jangwani, bustani ya wanyama, na mafundi wa fedha, ngozi na nguo wakifanya kazi mbele yako. Humo pia umehifadhiwa mti wa Ténéré. Ulikuwa mgunga uliosimama pekee katikati ya jangwa, hakuna mwingine kwa mamia ya kilomita, misafara ya ngamia ikiutumia kujua njia. Mwaka 1973 dereva wa lori aliugonga ukaanguka. Simama mbele ya kigogo chake kwa muda.

Soko Kuu ni la asubuhi vilevile. Na kama upo Desemba au Januari, uliza habari za mieleka ya jadi: mashindano ya taifa huzunguka mikoani kwa zamu, bingwa hukabidhiwa upanga, na hata yakifanyika mkoa mwingine Niamey nzima huyafuata redioni na kwenye televisheni.

Nitakula nini?

Utakula vizuri, na mengi utayatambua. Samaki wanayemwita "capitaine" ni sangara, spishi ileile ya Ziwa Victoria, isipokuwa huku ni mwenyeji wa asili wa mto. Majani ya mlonge ndiyo mboga ya kila siku: huchanganywa na karanga zilizosagwa, au hutiwa katika dambou, chakula cha nafaka iliyopikwa kwa mvuke. Mlonge wenyewe hulimwa kingoni mwa mto. Kwa joto hakuna kinachoshinda uji baridi wa uwele na maziwa ya mgando, unaoshibisha na kurudisha maji kwa pamoja. Jioni kuna mishikaki kila kona. Kilishi, nyama iliyokatwa nyembamba mno, ikapakwa karanga na viungo na kuanikwa juani, ni zawadi nzuri ya kurudi nayo. Juisi ya choya na ya tangawizi zinauzwa kila mahali. Kunywa pale unapojua maji na barafu vimetoka wapi. Maembe huanza kuingia Aprili, na hilo ni jema moja la msimu huo.

Usiku utaona vijana wamekaa barazani wakizunguka birika dogo la chai ya kijani. Kikao hicho huitwa fada. Ukikaribishwa, kaa hadi glasi ya tatu. Chai hupikwa mara tatu, na kuondoka baada ya ya kwanza kunavunja mazungumzo.

Mwezi wa Ramadhani je?

Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kiangazi, mwaka 2026 na 2027 ikianza Februari, kwa hiyo haiangukii kilele cha joto cha Aprili. Karibu watu wote ni Waislamu. Usile wala kunywa hadharani mchana hata kama hufungi, na panga kazi ukijua kwamba baada ya alasiri kila mtu anaelekea nyumbani. Mwislamu wa kutoka pwani yetu ya Kishafii ataona wengi wakiswali mikono ikiwa imeachwa pembeni: ni madhehebu ya Maliki, na hakuna atakayekusumbua kwa kuswali ulivyozoea.

Chanjo gani?

Kadi ya homa ya manjano inadaiwa uwanja wa ndege. Ya pili, ambayo watu wengi hupuuza, ni ya homa ya uti wa mgongo. Niger iko katikati ya ukanda wa ugonjwa huo, nao hulipuka hasa katika kiangazi, vumbi linapochubua koo na pua. Mwaka 2015 uliua mamia nchini humo. Omba chanjo inayokinga aina za A, C, W na Y angalau wiki mbili kabla ya safari. Homa kali pamoja na shingo kukakamaa ni hospitali mara moja. Mbu hupungua wakati huu lakini hawaishi, hasa karibu na mto, kwa hiyo chandarua bado.

Nivae nini?

Pamba nyepesi, pana, ndefu. Kanzu inafaa kabisa, na dera au gauni refu na mtandio vilevile. Nguo ndefu inakinga jua na inaheshimu watu kwa pamoja. Jifunze kufunga kilemba cha kitambaa kirefu. Vumbi la Harmattan likishuka utashukuru kuwa na cha kufunika pua. Midomo na visigino hupasuka, na mafuta mazito ya shea yanauzwa sokoni kwa bei ndogo. Desemba na Januari beba sweta. Nasema hivyo kwa dhati.

Lugha?

Kifaransa ofisini, Kizarma na Kihausa mtaani. Kiswahili hakitakusaidia, Kiingereza kidogo tu. Ukimsalimu mtu "Fofo" kwa Kizarma au "Ina kwana?" asubuhi kwa Kihausa, kisha ukauliza habari za nyumbani, za uchovu, za joto, mlango umefunguka. Salamu hazikatishwi. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani hapo.

Pesa na simu?

Faranga ya CFA, iliyofungwa kwa euro moja sawa na faranga 655.957. Njoo na euro taslimu, kwa maana dola hubadilishwa kwa hasara na shilingi hakuna anayezitaka. M-Pesa haifanyi kazi huko. Mashine za benki zipo mjini ila siku nyingine hazina pesa.

Vumbi linaweza kuzuia ndege?

Linaweza. Harmattan nzito hupunguza uwezo wa kuona hadi safari zikacheleweshwa, na wengi wa kwetu hupitia Addis Ababa, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya ndege na ndege. Mei na Juni kuna jingine: mvua za kwanza hutanguliwa na ukuta wa vumbi mrefu kama mlima. Tarehe 4 Mei 2020 ukuta wa namna hiyo uliigeuza anga ya Niamey nyekundu na kisha nyeusi mchana kweupe. Ukiuona unakuja upande wa mashariki, ingia ndani, funga madirisha, toa nguo kwenye kamba, na usiendeshe gari hadi upite.